Mnanaha Usiopandwa

Mmea ukiota wenyewe penye jaa la bustani ya shule, twaulizwa: je, ni mboga? Tulitazame tunda: likiwa na miiba, na likikauka lapasuka pande nne, lenye mbegu nyeusi, huo ni mnanaha, nao ni sumu. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza huko Jamestown, Virginia, waliupika kama mboga. Robert Beverley aliandika mwaka 1705 kwamba walipotewa na akili siku 11. Wamarekani hata leo wauita Jimson, yaani jina la mji ule lililogeuka vinywani. Linnaeus, mwaka 1753, alitumia jina Datura, neno la asili ya Bara Hindi. Majani yale yalichumwa machanga, kabla ya tunda kuonekana. Hapo yafaa kuyafikicha na kunusa, maana yanuka vibaya, kisha kunawa mikono.