Uzamifu wa uhasibu: Masharti yanayomsubiri msomi wa Kitale na Bungoma

WAHASIBU wengi wa Kitale na Bungoma ambao wamepata shahada ya uzamili sasa wanatamani kupanda ngazi ya mwisho ya elimu, yaani shahada ya uzamifu. Baadhi yao hufunza katika vyuo anuwai na kampasi, wengine huandika hesabu za kaunti, vyama vya ushirika na mashirika ya umma. Wengi hujisajili kabla ya kujua wanachotakiwa kutimiza, na hapo ndipo miaka na karo hupotea.

Kwanza, kuna dhana moja inayofaa kuondolewa mapema. Cheti cha CPA, kinachotokana na mitihani ya Kasneb, ni cha taaluma. Humwezesha mhitimu kuomba uanachama wa Taasisi ya Wahasibu wa Umma (ICPAK), iliyoanzishwa mwaka wa 1978, na wanachama wenye leseni ndio wanaoruhusiwa kutia sahihi ripoti za ukaguzi wa hesabu. Hata hivyo, cheti hicho hakichukui nafasi ya uzamili. Huenda kikamsaidia mwenye shahada ya kwanza ya daraja la chini kukubaliwa katika uzamili, lakini mlango wa uzamifu nchini Kenya hufunguliwa kwa shahada ya uzamili katika fani inayohusiana, kutoka chuo kinachotambuliwa. Aliyesomea nje ya nchi hutakiwa kwanza shahada zake zitambuliwe na kulinganishwa na za humu nchini.

Aidha, uzamili wenyewe haulingani. Kuna ule wa usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA, ambao mara nyingi humalizwa kwa mradi mfupi, na kuna ule wa sayansi ya uhasibu au fedha wenye tasnifu kamili. Mwenye MBA hukubaliwa katika vyuo vingi, ila aghalabu huongezewa kozi za nadharia na takwimu. Heri kuuliza jambo hili kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kwa mujibu wa viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka wa 2014, uzamifu huchukua muda usiopungua miaka mitatu. Mtahiniwa husimamiwa na wahadhiri wasiopungua wawili, naye mhadhiri mmoja hapaswi kupewa wanafunzi wa uzamifu zaidi ya watatu kwa mwaka. Kabla ya kuhitimu, mtahiniwa hutakiwa kuwa amechapisha angalau makala mawili katika majarida ya kitaaluma ambayo kazi zake huhakikiwa na wataalamu wenza. Katika Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu, shahada hii ndiyo ya kiwango cha 10, ambacho ndicho cha juu kabisa.

Miaka mitatu hiyo ni ya kwenye karatasi. Mtu anayefanya kazi mchana na kusoma usiku asishangae ikiwa mitano au sita.

Kwa wakazi wa Bungoma, chuo kilicho karibu zaidi ni Kibabii, kwenye barabara iendayo Chwele. Kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka wa 2011, kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2015. Masinde Muliro chenyewe kiko Kakamega. Mkazi wa Kitale naye amezoea kampasi za vyuo vyenye makao mbali, nyingine zikiwa vyumba vya ghorofani katikati ya mji. Kwa shahada ya kwanza huenda hali hiyo ikavumilika, ila kwa uzamifu mambo ni tofauti. Msimamizi anayeishi Nairobi au Juja, akaonwa mara moja kwa muhula, hawezi kumwongoza mtu anayetatizika na takwimu zake. Afadhali nauli ya matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma kila wiki mbili kuliko ukaribu wa jengo lisilo na msimamizi.

Suala la usimamizi lilizua mjadala wa kitaifa Juni 2019, pale Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilipotoa shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, nyingi zikiwa za masomo ya biashara. CUE ilianzisha uchunguzi, na swali kubwa likawa ni vipi wahadhiri wachache waliweza kusimamia watu wengi kiasi hicho. Waliovaa majoho siku ile walijikuta shahada zao zikijadiliwa magazetini, hata wale waliokuwa wamefanya kazi yao kwa uadilifu. Kwa hivyo, mwombaji ana haki ya kumuuliza msimamizi mtarajiwa anaongoza wanafunzi wangapi, na asione haya kufanya hivyo.

Masomo yenyewe huanza kwa kozi, ambazo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja au zaidi: nadharia za uhasibu, falsafa ya utafiti, mbinu za utafiti na ekonometriki. Wahasibu wengi hudhani kwamba kwa kuwa wamezoea tarakimu, takwimu hazitawasumbua. Huo ni ujasiri wa bure. Kulinganisha leja na taarifa ya benki ni kazi moja, na kuthibitisha kuwa jambo fulani ndilo lililosababisha jingine ni kazi nyingine kabisa.

Baada ya kozi, mtahiniwa huandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya jopo la idara, kisha la kitivo. Likipita, huomba kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), ndipo aende nyanjani.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tasnifu nyingi za uhasibu na fedha nchini zimejirudiarudia: athari za jambo fulani kwa faida ya kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kampuni hizo ni 60 na kidogo tu, nazo zimepimwa kwa kila kipimo mpaka mtahini akiona kichwa cha tasnifu huweza kubashiri hitimisho. Ilhali eneo hili lina maswali mengi ambayo hayajaguswa ipasavyo.

Mathalani, mwaka wa 2015 ilibainika kuwa serikali ya Kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilbaro 10 kwa bei ya Sh109,320 kila moja. Taifa zima lilicheka, nao wachoraji vibonzo wakapata kazi. Mtafiti wa uhasibu, hata hivyo, angeuliza mambo ya kuchosha zaidi na yenye manufaa zaidi: nani aliidhinisha, mkaguzi wa ndani alikuwa wapi, na kwa nini udhibiti ulioandikwa kwenye sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012 haukuzuia malipo hayo.

Isitoshe, kuna sukari. Kampuni ya Mumias, katika kaunti jirani ya Kakamega, iliingia katika soko la hisa mwaka wa 2001 na ikawekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019. Hesabu zake za miaka hiyo zimo hadharani, na anayetaka kujua iwapo dalili za kuanguka zilionekana mapema ana pa kuanzia. Kitale nayo ndiyo makao ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka wa 1956. Thamani ya mahindi ya mbegu au miwa ikiwa ingali shambani hukadiriwaje? Kipo kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mimea na mifugo, IAS 41, lakini namna kinavyotumika katika mashamba ya huku ni jambo linalostahili tasnifu zaidi ya moja.

Kuhusu makala mawili ya lazima, tahadhari inahitajika. Yako majarida ya mtandaoni yanayochapisha chochote mradi mwandishi amelipa. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Denver, Marekani, aliwahi kuwa na orodha ya majarida kama hayo hadi alipoiondoa mwaka wa 2017. Jarida linalomjibu mwandishi kwa siku tatu kwamba makala yake yamekubaliwa pasipo sahihisho hata moja halijayasoma. Upande wa pili, kukataliwa kusimkatishe mtu tamaa. Utafiti wa Ray Ball na Philip Brown wa mwaka wa 1968, ambao ulibadilisha jinsi uhasibu unavyochunguzwa duniani, ulikataliwa na jarida moja mashuhuri kabla ya kuchapishwa na jingine.

Tasnifu ikikamilika hupitishwa katika programu za kugundua wizi wa maandishi, kisha hupelekwa kwa watahini, mmoja wao akiwa wa nje ya chuo. Hatimaye mtahiniwa huitwa kuitetea ana kwa ana. Aliyeandikiwa tasnifu kwa malipo, biashara ambayo si siri humu nchini, hujulikana hapo, kwani huulizwa kwa nini alichagua mbinu fulani akabaki kutazama dari.

Sababu ya watu kukimbilia shahada hii inajulikana. Mwaka wa 2014 CUE ilitangaza kwamba mhadhiri wa chuo kikuu sharti awe na uzamifu, ikaweka makataa ya miaka michache. Chama cha wahadhiri kilipinga, makataa yakapita, na wenye uzamili pekee hawakufukuzwa kwa wingi kama ilivyohofiwa. Hata hivyo, matangazo ya kazi na upandishaji vyeo yamebadilika, na asiye na shahada hiyo hukaa ngazi moja kwa miaka.

Jambo la mwisho la kuuliza kabla ya kusajiliwa ni jina la shahada. Katika baadhi ya vyuo, uhasibu ni tawi tu la uzamifu wa usimamizi wa biashara, na huenda neno uhasibu lisionekane kwenye cheti. Mtu anayenuia kufunza uhasibu ahakikishe kwamba walau kichwa cha tasnifu na nakala ya matokeo ya kozi zake vinaonyesha fani hiyo, kwa kuwa jopo la kuajiri litasoma karatasi hizo.