Kupokeana Si Ugatuzi: Istilahi Mbili za Mitandao

Habari za mitandao ya kijamii inayoshindana hutuletea dhana mbili: mitandao kupelekeana ujumbe, na mtandao kutokuwa na kitovu kimoja kinachoutawala. Watafsiri wengi huzitia katika kapu moja. Historia ya simu zetu yaonyesha kuwa ni mambo mbalimbali.

Muuza nguo wa Mlandege mwaka 2012 alikuwa na sababu ya kuweka laini mbili au tatu. Fedha zilizotumwa kutoka mtandao mwingine hazikuingia katika akaunti yake. Alipata namba ya siri, akaenda nayo kwa wakala wa kampuni iliyotuma. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel, hii ya mwisho ikiwa imeanzishwa Zanzibar mwaka 1999, zilipatana kupokeana fedha. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Hapakuwa na kitovu: kampuni zilifunga mikataba wawili wawili. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, mfumo mmoja wa kupitishia malipo hayo. Basi kupokeana kulianza bila kitovu, kisha kukapata kitovu, na fedha za muuza nguo zikaingia vile vile. Kilichobadilika ni mwenye kuushika mlango.

Maofisini husemwa mifumo “isomane”. Neno ni tamu, lakini anayesoma daftari la jirani hajapokea kitu. “Mwingiliano” nao una doa, kwani mwingiliano wa majukumu ni kasoro ya utawala. Sisi twapendelea “kupokeana”.

“Ugatuzi” ni shauri jingine. Kenya yalitumia kwa serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Tanzania Bara ilikuwa na Madaraka Mikoani tangu 1972, mpango ambao (tusisahau) ulivunja halmashauri zilizochaguliwa, ukapeleka maofisa wa Serikali Kuu mahali pake. Kote kuwili yupo mkubwa anayegawa. Katika Mastodon, mtandao ulioanza mwaka 2016, kila kikundi huweza kuendesha kompyuta yake, nayo ikapelekeana ujumbe na nyingine. Pale hakuna aliyegatua chochote. Yafaa tuseme “mtandao usio na kitovu”.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 juu ya masoko ya kidijitali yailazimisha WhatsApp ipokeane ujumbe na huduma nyingine zinazoomba. Haikuinyang'anya kitovu chake. Mfasiri akiandika humo “ugatuzi”, ofisa atakayeisoma ataamini kuwa Ulaya imeivunja kampuni.