Mwalimu aliyehukumiwa kwa dhuluma za kimapenzi haruhusiwi kunyamaza

Mwalimu anapoomba kazi katika shule yoyote ya Kaunti ya Isiolo, iwe mjini, Garbatulla au Merti, kuna jambo moja ambalo sheria ya Kenya haimruhusu kulificha. Ikiwa amewahi kupatikana na hatia ya dhuluma za kimapenzi, hana budi kumwarifu mwajiri wakati anapoiomba kazi hiyo.

Wajibu huu umo katika kifungu cha 30 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Anayenyamaza huwa ametenda kosa jipya, mbali na lile alilohukumiwa awali. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua Sh50,000, au vyote viwili.

Sheria haikuwalenga walimu pekee. Inamhusu kila anayetafuta kazi itakayompa mamlaka juu ya watoto au jukumu la kuwatunza, na hata anayejitolea tu kuwasimamia. Kwa hivyo mlezi wa bweni, mwalimu wa chekechea na mwalimu wa madrasa wote wamo.

Je, makosa mengine kama wizi au kumjeruhi mtu? Hapa inatumika Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ya mwaka 2012. Mtu haruhusiwi kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo, hata katika shule ya kibinafsi. Aliyehukumiwa kwa kosa la kimapenzi au kosa dhidi ya mwanafunzi anaweza kufutwa katika sajili. Kwa makosa mengine ya jinai, tume hupima iwapo kosa lenyewe linamwondolea mhusika ustahili wa kuwa mwalimu.

Mwajiri naye hapaswi kutegemea maneno ya mwombaji pekee. Chombo cha kwanza alicho nacho ni cheti cha tabia njema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, baada ya alama za vidole kukaguliwa. Cha pili ni sajili ya walimu ya TSC, pamoja na orodha ya waliofutwa ambayo tume huichapisha. Cha tatu ni daftari la waliohukumiwa kwa makosa ya ngono, ambalo sheria ya 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu alitunze. Mtu yeyote mwenye sababu ya kuridhisha anaweza kulikagua.

Tahadhari hii ina uzito wa pekee katika maeneo kame. Shule zilizo mbali na mji, zenye uhaba wa walimu, mara nyingi hulazimika kuajiri walimu wa muda kupitia bodi za usimamizi. Mwalimu akihitajika kwa haraka, ni rahisi bodi kumkubali mgeni mwenye vyeti vya masomo bila kuuliza alikotoka wala kwa nini aliondoka.

Lakini lipo pengo ambalo hakuna cheti kinachoweza kuliziba. Kaskazini mwa Kenya, ikiwemo Isiolo, kesi za unajisi zimekuwa zikimalizwa na wazee kwa njia ya maslaha: jamaa za pande mbili huketi, fidia hutolewa, na shauri huishia hapo. Pasipo kesi hapana hukumu, na pasipo hukumu hapana la kufichuliwa. Mhusika ataomba kazi kwingine akiwa na cheti safi, na wala hatakuwa amevunja kifungu cha 30. Ikumbukwe kwamba chini ya sheria ya 2006, wazee hawana mamlaka ya kuiondoa kesi ya aina hii mahakamani.

Ndiyo maana wajibu wa kufichua hauwezi kutenganishwa na wajibu wa kuripoti. Waraka wa TSC Nambari 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kimapenzi aziripoti katika muda wa saa 24. Anayezificha huhatarisha kazi yake mwenyewe. Kwa mwalimu anayetumia mamlaka yake kumdhulumu mwanafunzi, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinaweka adhabu isiyopungua miaka 10 gerezani.

Mahakama nazo zimeonyesha kwamba gharama ya kunyamaza haimwangukii mkosaji peke yake. Mwaka 2015, katika kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba TSC nayo iliwajibika kwa madhila waliyotendewa na mwalimu. Wasichana hao walitunukiwa fidia ya Sh2 milioni na Sh3 milioni. Jaji alikosoa vikali mtindo wa kuwahamisha walimu wakorofi kutoka shule moja hadi nyingine.

Kwa bodi ya shule, basi, hatua za kuchukua kabla ya kuajiri ni chache na zinajulikana: mwombaji aulizwe kwa maandishi iwapo amewahi kuhukumiwa, nambari yake ya TSC ithibitishwe, cheti cha tabia njema kiwe kipya, na mwalimu mkuu wa shule aliyotoka aulizwe. Jibu la uongo kwa swali lililoandikwa ni ushahidi. Swali lisiloulizwa humwachia mtoto mzigo wote.