Ihahamuka: Ugonjwa Uliochelewa Kupewa Jina



Kamati ilipotuomba sisi waalimu tuandike historia kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu, wenzangu walichagua vita na mipaka. Mimi nimechagua kile ambacho vita huacha nyumbani baada ya risasi kunyamaza.

Tuanze na kilima cha Nyarushishi, ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa kupokelewa pale tulipovuka. Mwezi Mei 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, hapa Cyangugu, walihamishiwa kilimani huko. Pale uwanjani walikuwa wameshuhudia wenzao wakiitwa kwa orodha ya majina, wakitolewa nje, wasirudi tena. Askari wa Kifaransa walipofika Nyarushishi tarehe 23 Juni walikuta watu wapatao 8,000 wakiwa hai. Hesabu hiyo haisemi ni wangapi kati yao walibaki wakiogopa kuitwa jina.

Hali hiyo haikuwa na jina lililozoeleka katika Kinyarwanda. Baada ya 1994 ndipo neno ihahamuka likaenea, neno lenye asili yake katika mapafu: hofu inamkata mtu pumzi. Mwaka 1995 kikafunguliwa Kigali kituo cha taifa cha kutibu kiwewe, kwa msaada wa UNICEF. Na kila Aprili, katika mikutano ya kumbukumbu, bado wapo wanaoanguka na kupiga kelele kana kwamba wauaji wamesimama mbele yao. Uchunguzi wa afya ya akili wa mwaka 2018 nchini Rwanda ulikuta ugonjwa huu kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wa kawaida, lakini kwa manusura ni karibu 28 katika 100.

Tusidhani ni sisi tu tuliochelewa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika mwaka 1915 juu ya askari waliopoteza kumbukumbu na hata kuona, akauita mshtuko wa mizinga. Katika vita hivyo hivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama kutoroka na woga. Walisamehewa mwaka 2006, wakiwa makaburini. Waganga wa Marekani waliuandika ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Kule kwetu Kivu tulisema tu: kichwa chake kimeharibika. Ndiyo maana watu hunyamaza. Lakini dalili ni za kueleweka. Jambo lililopita linarudi katika ndoto au mchana kweupe. Mtu anakwepa njia, harufu na habari zinazomkumbusha. Anashtuka upesi, analala kidogo, anakasirika bila sababu. Likidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, linahitaji matibabu.

Nami nimo. Nilivuka mto Rusizi Juni 2004, wakati wa mapigano ya Bukavu, nikiwa na miaka 13. Sasa ni mume na mwalimu, na kwa miaka nilikuwa nikitoka nje usiku bila kusema neno. Jioni moja, tukichambua maharage, nilimweleza mke wangu sehemu ndogo tu: sauti niliyoisikia darajani. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ni hiyo? Nilidhani umenichoka." Hakuniuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo. Mengine niliyasema baadaye, kidogo kidogo.

Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kwa wiki chache kuwasikiliza wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, wakisimulia maisha yao kwa utaratibu tangu kuzaliwa. Katika njia hiyo kamba hutandazwa chini, mawe yakawekwa kwa mabaya na maua kwa mema. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: karibu 7 katika 10 hawakuwa tena na ugonjwa, kwa wale waliofuatiliwa tu bila kutibiwa, hawakufika 4. Ndugu wa mashirika watuwie radhi: kuulizwa kisa chako kwenye meza tano, foleni yote ikisikia, si kusikilizwa huko.

Mama yangu mzazi, bati likigongwa na upepo usiku, huamka akafunga kitenge tayari kwa safari. Tulipokuwa watoto tulimcheka. Siku hizi huamka nami, nikakaa naye mlangoni, nikamtajia mahali tulipo na mwaka tulionao. Mara nyingine hurudi kulala. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, alianza kunisimulia habari za shamba la babu, kabla ya yote.