Maisha ya Pili ya Lenzi za Leicester

Lenzi za sinema za Speed Panchro zilitengenezwa Leicester, katikati ya Uingereza, na kampuni ya Taylor, Taylor & Hobson. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1886 na ndugu wawili, Thomas na William Taylor, ambao baadaye walishirikiana na Herbert Hobson kutafuta wateja. Jina la Cooke lililochongwa kwenye lenzi hizo lilitoka York. Huko, katika kiwanda cha darubini cha T. Cooke & Sons, Harold Dennis Taylor, asiye na undugu na wale wa Leicester, alibuni mwaka 1893 lenzi ya vioo vitatu iliyotoa picha safi hadi pembeni. Mabwana wa York walijua darubini na hawakutaka kujiingiza kwenye biashara ya kamera, hivyo kazi ya kuitengeneza ikapewa Leicester, na jina likaenda nayo. William Taylor mwenyewe hakuchoka kubuni: alishughulika na mashine za kuchonga maandishi, vipimo vya nyuzi za skrubu, na hata vile vishimo vidogo vilivyojaa juu ya mpira wa gofu, alivyoviombea hataza mwaka 1905.

Speed Panchro ilizaliwa kwa sababu ya sauti. Studio za sinema za kimya zilitumia taa za arc, zenye mwanga mkali lakini zenye kuvuma. Baada ya filamu ya sauti ya The Jazz Singer kutoka mwaka 1927, mikrofoni ziliingia studio na mvumo ule ukawa kero. Studio zikahamia kwenye taa za tungsten, ambazo ni kimya lakini zina mwanga hafifu na wa kuelekea wekundu. Ikahitajika lenzi yenye tundu pana zaidi. Horace Lee, mbunifu wa Leicester, alikuwa na jibu mkononi tangu 1920, alipochora lenzi ya f/2 iliyoitwa Opic kwa kuendeleza Planar, kazi ya mwaka 1896 ya Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss. Mchoro huo ukarekebishwa ili uendane na filamu mpya iliyonasa rangi zote za mwanga, ukaitwa Speed Panchro, na Hollywood ikaupokea. Technicolor, kampuni ya filamu za rangi, nayo ilikwenda Leicester, kwa sababu mche wa kioo uliogawa mwanga ndani ya kamera zake ulikula nafasi nyuma ya lenzi, na lenzi za kawaida hazikuweza kukaa. Kamera za namna hiyo ndizo zilizobebwa hadi Uganda na Kongo mwaka 1951 kupiga filamu ya The African Queen.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vioo vilianza kupakwa utando mwembamba wa kupunguza mng'ao, na toleo hilo likaitwa Series II. Katika miaka ya 1950 lenzi mbili za pembe pana, milimita 18 na 25, zilichorwa upya na kuitwa Series III. Seti inayotafutwa sana leo ni mchanganyiko wa matoleo hayo: 18 na 25 za Series III, kisha 32, 40, 50 na 75 za Series II, na ya milimita 100 inayoitwa Deep Field.

Utengenezaji ulikoma katika miaka ya 1960. Muongo uliofuata haukuwa na huruma. Lenzi za zumu zilikuwa zimefika mahali pa kutegemewa, na Zeiss ikatoa lenzi za Super Speed zenye uwezo wa kupiga picha kwa mwanga mdogo zaidi. Mwaka 1982 kampuni ya kamera ya ARRI ilileta kiungo kipya cha kushikia lenzi, kiitwacho PL, ambacho kamera nyingi zilikifuata. Speed Panchro zilikuwa na viungo vya zamani vya Arriflex au vya Mitchell. Zaidi ya hapo, pete ya fokasi ilizunguka kidogo mno, alama za umbali zilibanana, na kila lenzi ilikuwa na kipenyo chake. Kwa msaidizi wa mpiga picha anayetakiwa kumfuata mwigizaji anayetembea, lenzi hiyo ilikuwa adhabu. Kampuni za kukodisha vifaa zikaziweka kabatini au kuziuza kwa bei ya mtumba.

Watu walioziokoa waliona jambo rahisi: kilichochakaa ni chuma, si kioo. Karakana kama True Lens Services, iliyoko eneo la Leicester, Van Diemen ya Uingereza, P+S Technik ya Munich na baadaye Zero Optik ya Marekani zilijenga kazi yao juu ya kutoa vioo vya zamani na kuvivika gamba jipya. Fundi huanza kwa kufungua pete za mbele na za nyuma, ambazo mara nyingi zimeshikwa na grisi iliyokauka kwa miaka. Kila kioo huwekewa alama pembeni ili kirudi kwa mkao uleule, kwani kikigeuzwa kidogo tu picha inaweza kuharibika. Hapo ndipo maradhi hujitokeza. Kuvu, anayependa mahali penye unyevu, huacha nyuzi kama za buibui. Akiondolewa mapema kioo hupona, akichelewa anakuwa ameshaula utando. Vioo vilivyounganishwa kwa utomvu wa mti wa jamii ya msonobari huachana na kuonyesha rangi za upinde wa mvua kwenye ukingo, na vinapaswa kutenganishwa na kugandishwa upya. Utando ukikwanguliwa hovyo ili kioo king'ae, kilichomfanya mnunuzi atoe pesa kimeondoka. Mwishoni vioo huingizwa kwenye gamba lenye kiungo cha PL, pete ya fokasi inayozunguka karibu duara zima, na meno ya gia yanayolingana kwa seti nzima. Umbali kutoka kiungo hadi kwenye kihisi cha kamera, milimita 52, hupimwa na kusawazishwa kwa vipande vyembamba vya chuma, kisha lenzi hutupa chati ukutani kwa projekta ili ubora wa pembe zote nne uonekane.

Kazi hii ingebaki ya wachache kama kamera za dijitali zisingeshika soko. RED One ilitoka mwaka 2007, ARRI Alexa mwaka 2010, na kufikia 2011 ARRI, Panavision na Aaton zilikuwa zimeacha kutengeneza kamera za filamu. Zamani mpiga picha alichagua mkanda wa filamu na jinsi ya kuusafisha, na chaguo hilo lilimpa sura ya picha yake. Sasa maelfu ya watu walipiga kwa kihisi kilekile, na lenzi za kisasa zilitoa ukali uliohesabu kila tundu la ngozi ya mwigizaji. Ulaini wa Speed Panchro tundu likiwa wazi kabisa, pembe zinazofifia, na mwanga unaomwagika taa inapoitazama lenzi, mambo ambayo miaka ya 1970 yalihesabiwa kasoro, yakawa ndiyo bidhaa. Wachuuzi wengine hutia chumvi wanaposifu mambo haya, lakini tofauti yenyewe huonekana kwa macho.

Bei ikapanda. Seti kamili iliyovikwa gamba jipya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mnunuzi mkubwa si mpiga picha bali kampuni ya kukodisha inayotegemea kurudisha pesa yake siku kwa siku. Lenzi za 18 na 25 ndizo zinazosumbua kupatikana, na anayemiliki moja peke yake humpangia bei dalali aliyebakiza hiyo tu kukamilisha seti. Kwa sababu hiyo seti nyingi zimekusanywa kutoka kamera tofauti, na rangi za lenzi haziwiani. Mnunuzi makini hudai zijaribiwe zote chini ya taa moja.

Si kila lenzi ya zamani huingia sokoni. Panavision haiuzi zake, huzikodisha tu. Lenzi za Ultra Panavision 70, zilizokuwa zimetumika mara ya mwisho kwenye filamu ya Khartoum ya mwaka 1966, zilitolewa ghalani na kukarabatiwa kwa ajili ya The Hateful Eight ya 2015, kisha zikarudi kwa mwenyewe. Kwa wenye mfuko mdogo zipo lenzi za picha mnato za Kisovieti kama Helios 44, zilizotengenezwa kwa wingi mno kiasi kwamba karakana ya IronGlass ya Ukraine imejenga biashara ya kuzivika magamba ya sinema.

Kampuni ya Cooke, iliyojitenga na Taylor Hobson mwaka 1998, nayo ilisikia soko linasema nini. Katika miaka ya 2010 ilitoa Panchro/i Classic, lenzi mpya zilizochorwa kwa kufuata mwonekano wa zile za zamani, zikiwa na kiungo cha PL, vipuri na dhamana, na baadaye ikaongeza toleo la kufunika kihisi kipana cha milimita 36 kwa 24, ambacho lenzi za pembe pana za Series III hazikifuniki.