Taa Mbili za Kimulimuli

Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha makala ya kurasa mbili kuhusu mabuu ya kimulimuli. Wadudu waliopimwa walikuwa wa Marekani, wa jenasi ya Photuris. Wapimaji wengi walikuwa wanakemia wa Uholanzi, wakiongozwa na Hans Wynberg. Ndugu wa mbali wa wadudu hao huwaka usiku wa masika huku Likombe, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, kwenye nyasi zilizo chini ya mikorosho.

Buu la Photuris lina taa mbili ndogo karibu na mkia, moja kushoto na nyingine kulia. Kwa macho, zinawaka sawasawa. Kwa chombo cha Wynberg na wenzake, hazikuwa sawa: mwanga wa taa ya kushoto ulizunguka upande mmoja, na wa taa ya kulia upande wa pili.

Mwanga unazungukaje? Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mti, shika ncha ya pili na kuitikisa. Ukipeleka mkono juu na chini, wimbi litakwenda likipanda na kushuka. Ukiuzungusha mkono, wimbi litasafiri likijizungusha kama meno ya skrubu, na unaweza kuuzungusha kwa kulia au kwa kushoto. Mwanga nao ni wimbi, na mtetemo wake unaweza kufanya yote hayo. Ule unaojizungusha wanafizikia huuita mwanga uliopolaraishwa kiduara. Kwa ufupi tuuite mwanga uliosokotwa. Kwa kawaida macho yetu hayatofautishi msokoto wa kulia na wa kushoto, ndiyo maana vizazi na vizazi vya watoto wamekamata vimulimuli bila kuwa na sababu ya kuuliza swali hilo.

Historia ya swali lenyewe ilianzia Ufaransa. Mwaka 1815 Jean-Baptiste Biot alionyesha kuwa vimiminika vitokavyo kwenye mimea, kama tapentaini, hugeuza uelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita ndani yake. Mwaka 1848 kijana Louis Pasteur alizitazama fuwele za chumvi inayotokana na tindikali ya mvinyo, akaona ziko za aina mbili zinazofanana kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Alizitenga mojamoja kwa mkono, akaziyeyusha kila aina peke yake. Maji ya aina moja yaligeuza mwanga kulia, ya nyingine kushoto. Biot, aliyekuwa mzee kwa wakati huo, hakuamini mpaka Pasteur aliporudia kazi hiyo mbele yake. Tangu hapo ikajulikana kwamba molekuli nyingi za viumbe hai zina "mkono": sukari ina wake, na protini zina wake.

Kugeuza mwanga unaopita ni jambo moja, na kutoa mwanga uliosokotwa tayari ni jingine. Mwaka 1948, katika Umoja wa Kisovieti, Samoilov aliuona mwanga wa namna hiyo ukitoka kwenye fuwele zenye urani. Kwa molekuli za ogani, yaani zilizojengwa kwa kaboni, ilibidi kusubiri hadi 1967, pale C. A. Emeis na L. J. Oosterhoff wa Leiden walipoupima. Ucheleweshaji huo una sababu. Katika molekuli kama hizo, tofauti kati ya mwanga wa kulia na wa kushoto mara nyingi ni sehemu moja au chache katika elfu. Ilibidi kwanza mtu ajenge chombo chenye subira ya kuhesabu kiasi hicho. Leiden walikijenga, na mmoja wa waliokuwa na ujuzi huo, H. P. J. M. Dekkers, jina lake limo katika makala ya vimulimuli ya 1980.

Matokeo ya makala hiyo yalikuwa kitendawili. Molekuli zinazowaka katika taa ya kushoto ni zilezile za taa ya kulia. Kama msokoto ungetoka kwenye molekuli peke yake, taa zote mbili zingezungusha mwanga upande mmoja. Kwa kuwa zilipingana, ilibidi sababu itafutwe kwenye mpangilio wa mwili wenyewe: pande mbili za mdudu zimejengwa kama mtu na sura yake kwenye kioo, na mwanga hupita kwenye tishu hizo kabla ya kutoka nje.

Miongoni mwa waandishi alikuwamo mwanafunzi wa Wynberg, E. W. Meijer. Mwaka 1997 jina lake na la Dekkers yalionekana tena pamoja, safari hii katika makala kuhusu plastiki inayotoa mwanga uliosokotwa inapopitishiwa umeme. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College London walitengeneza transista ya molekuli zenye umbo la ngazi ya kuzunguka, zinazoweza kuutambua mwanga huo. Kutoka tumbo la mdudu, swali lilikuwa limefika kwenye elektroniki.

Na elektroniki ndiyo tuliyoishika mkononi. Kioo cha simu ya OLED huwekewa kichujio cha kuzuia jua lisirudi machoni. Kichujio hicho hufanya kazi kwa kutumia msokoto wa mwanga, na gharama yake ni kubwa: humeza karibu nusu ya mwanga wa simu yenyewe. Kama kioo kingetoa mwanga ambao tayari umesokotwa upande unaokubaliwa, sehemu kubwa ya nusu hiyo ingepita, na betri ingepumua. Anayesoma ujumbe saa saba mchana, jua la Mtwara likiwa utosini, ana haki ya kupendezwa na kemia hii.

Lakini kwa nini swali la vimulimuli liliulizwa Uholanzi? Si kwa sababu huko ndiko wanakowaka. Likombe haiko mbali na Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimeipa Mtwara jina katika sayansi ya korosho. Korosho za Tanzania zilianguka kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei na kuhamishwa kwa wakulima vilichangia, na ubwiriunga ulichangia pia. Naliendele waliutafiti ugonjwa huo kwa sababu mikorosho ilikuwa inakufa njaa ya maua mbele ya macho yao, na unga wa salfa ukawa sehemu ya msimu wa mkulima. Chombo kikiwa karibu na mwenye swali, jibu hupatikana hapahapa.

Kinyume chake ni tunda la Pollia condensata, mmea wa misitu ya Afrika. Tunda hilo dogo la buluu halipati rangi yake kwenye rangi yoyote ya kuchovya. Nyuzi zake za selulosi zimepangwa tabaka juu ya tabaka kwa kuzunguka, nazo huakisi mwanga uliosokotwa. Sampuli iliyochumwa Ghana mwaka 1974 ilikaa Kew, Uingereza, ikiendelea kung'aa. Mwaka 2012 timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge na Kew ilieleza kwa nini.

Pwani yetu ina hazina kama hizo. Mwaka 2008 ilithibitishwa kuwa Odontodactylus scyllarus, jamaa wa kamba na kaa mwenye rangi za kanga na pigo kama la bondia, huona tofauti ya msokoto wa kulia na wa kushoto. Makazi yake ni miamba ya matumbawe kutoka Guam hadi Afrika Mashariki.

Sisi tusio na jicho lake tunaweza kuanza na kitu rahisi. Miwani mingi ya sinema za 3D hutenganisha mwanga uliosokotwa, lenzi moja ikipitisha wa kulia na nyingine wa kushoto. Mwanga wa kimulimuli ni hafifu mno kwa miwani hiyo, lakini baadhi ya mbawakawa wa kijani wanaong'aa huakisi msokoto wa upande mmoja tu; Albert Michelson aliripoti mwanga uliosokotwa kutoka kwa mbawakawa mwaka 1911. Mtafute mbawakawa wa namna hiyo, vaa miwani, fumba jicho moja kisha jingine. Ukimwona akififia kwenye lenzi moja na kung'aa kwenye nyingine, andika tarehe, mahali na upande.