MKONGE, MANAMBA NA SHERIA YA PANDE MBILI

Wiki iliyopita nikiwa Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, nilimsikia kijana akimtukana mwenzake: "Manamba we!" Aliyetukanwa alicheka. Nina hakika hakuna kati yao aliyejua neno hilo limetoka wapi. Kule Nairobi, manamba ni utingo wa matatu na hana kinyongo na jina lake. Kwetu sisi neno hilo lina historia chungu, nami leo naomba tuitazame.

Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Yucatan, Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, Korogwe, Kilosa na Morogoro. Mgeni huyo alipokewa vizuri, akapewa ardhi bora. Wageni waliokuja kumkata hawakupokewa hivyo.

Walitoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni na Wabena wa kusini, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji. Wengi wa magharibi walikuja kwa Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Mtu alipewa namba, na namba ikawa jina lake. Wenyeji wa karibu na mashamba waliwaona kuwa washamba wasio na kwao. Kabila zima likageuzwa kichekesho, na vichekesho hivyo bado tunavisikia vijiweni.

Sasa tuje kwenye sheria. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika achapwe viboko hadi 25 kwa mara moja, ile "hamsa ishirini" ya wazee wetu. Mwarabu na Mhindi hawakuguswa na kiboko hicho. Kosa lilikuwa moja, lakini adhabu ilitegemea rangi.

Waingereza walipokuja walikuwa na karatasi nyingi zaidi. Kwa sheria yao ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kibarua aliyetoroka kabla mkataba haujaisha alikuwa mhalifu, wa kutozwa faini au kufungwa. Kipande chake kilikuwa cha siku 30 za kazi. Siku asiyomaliza kazi haikuandikwa, na mshahara ulingoja kipande kijae. Mtasema tajiri naye aliweza kushitakiwa. Ndiyo, lakini ashitakiwe na nani? Na mtu wa Kasulu aliyeko Korogwe, asiye na ndugu wala nauli, mbele ya Bwana Shauri anayekunywa chai na huyo huyo tajiri? Tangu 1929 hata rufaa kutoka mahakama za wenyeji zilikwenda kwa maofisa wa utawala, si kwa majaji.

Mambo yalianza kubadilika vibarua walipoungana. Mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 uliwashitua wenye mashamba. SILABU ilifungwa mwaka 1965, na miaka miwili baadaye, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mashamba mengi.

Lakini watu walibaki. Ng'ambo ya mpaka, Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani walizaa na kuzika huko, wajukuu wao wakiwa bado hawana kitambulisho. Bila kitambulisho hufungui akaunti benki, hupati leseni ya kuvua, na polisi akikusimamisha huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, ndipo wakaanza kupewa uraia.

Tusiwacheke Wakenya. Mwaka 2013 hapa kwetu ilipita Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya magharibi. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini Muha wa Kigoma, ambaye lugha yake inafanana na Kirundi, hadi leo huulizwa uraia wake kwa namna ambayo sisi wa Pwani hatuulizwi. Babu yake huenda ndiye aliyekata mkonge uliolipa mishahara ya serikali ya Tanganyika.